Risala ya Wahudumu wa Afya ya Jamii wa Kisumu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mbunge, Mgeni wetu Rasmi, Chifu wetu, wazee wa mitaa, mwenyekiti wa kikundi chetu na maafisa wenzake, akina mama, akina baba na vijana mliofika, hamjambo.

Kwanza tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo salama. Pili tunakushukuru wewe Mheshimiwa kwa kuitikia mwito wetu. Tulipokuandikia barua, baadhi yetu walisema utatuma mwakilishi. Umekuja mwenyewe, umeketi kwenye kiti cha plastiki kama sisi, na tangu asubuhi umetusikiliza bila kuangalia saa. Karibu sana Kisumu.

Sisi ni wahudumu wa afya ya jamii kutoka Nyalenda, Manyatta na Obunga. Kila mmoja wetu ana nyumba kama 100 anazozitembelea. Tunapima presha na sukari, tunafuatilia wajawazito wasikose kliniki, tunahesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi, tunawakumbusha wanaomeza dawa za kifua kikuu wasiache katikati. Wengi wetu tulianza kazi hii bila malipo, miaka mingi kabla ya Septemba 2023, Rais alipozindua mpango wa wahudumu 100,000 nchi nzima na mikoba ya vifaa ikaanza kugawiwa. Posho iliyopangwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Lakini leo hatukukuita kuzungumzia posho.

Tumekuita kwa sababu ya swali uliloliuliza bungeni.

Ulisimama upande wa upinzani ukauliza gharama ya mfumo wa kompyuta wa SHA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima ya afya. Tulikuwa tumekusanyika hapa nje ya ukumbi, simu moja, watu kumi na zaidi, sauti imepandishwa hadi mwisho. Shilingi bilioni 104.8. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, alieleza katika ripoti iliyotoka Machi 2025 kwamba mfumo huo haukuwa kwenye mpango wa ununuzi, na kwamba serikali yenyewe haiumiliki. Serikali imejibu kwamba fedha hizo hazikutolewa kwa mkupuo, kwamba waliojenga mfumo watalipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Jibu hilo tumelisikia na tumelipima. Linatuacha na swali jingine: watakaolipa kidogo kidogo kwa miaka mingi ni akina nani, kama si hawa hawa wanaochanga? Mmoja wetu alichukua kalamu akazigawa bilioni hizo kwa kaunti 47. Kila kaunti ilipata takriban bilioni 2.2. Tukanyamaza wote.

Mheshimiwa, SHA ilipochukua mahali pa NHIF, bima ya afya ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, sisi ndio tuliopita nyumba kwa nyumba kuwaandikisha watu. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, basi. Lakini mitaani kwetu wenye mshahara ni wa kuhesabu. Kwa hiyo tuliketi kwenye vigoda vya watu tukiwauliza: paa ni la nini, sakafu ni saruji au udongo, choo ni chenu peke yenu au cha ploti nzima, mnapikia kuni au gesi. Majibu yakaingia kwenye simu, simu ikatoa kiwango cha kulipa. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara anatakiwa atoe ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani si chini ya 3,600. Mama anayepima omena kwa gorogoro hajawahi kushika 3,600 ambazo hazikuwa na mwenyewe tayari: mwenye nyumba, shule, mwenye mashua.

Leo mimi katibu ninayewasomea nikipita njia ile ile wananisimamisha. "Si wewe uliyeniandika? Mbona nimefika hospitalini nikaambiwa sijalipa?" Swali lako bungeni hujibiwa na waziri, Mheshimiwa. Swali la mama huyu linaletwa kwangu, na mimi sina la kumwambia.

Naomba ruhusa niwaonyeshe kitu nilichokuja nacho.

Hii ni mashine ya kupimia sukari. Imetoka kwenye mkoba wangu wa kazi. Ni nzuri, betri yake bado nzima, ukiibonyeza inawaka. Inachohitaji ni kijikaratasi kimoja chembamba cha kudondoshea tone la damu, na kila kipimo kinakula kimoja kipya. Vyangu viliisha. Niliomba vingine, nikaambiwa nisubiri. Katika nyumba zangu kuna nyanya mmoja mgonjwa wa sukari, anaishi na mjukuu wake wa darasa la 6. Nilikuwa nikimpima kila Jumatatu na kuandika namba kwenye daftari. Ikipanda natumia kalamu nyekundu. Ukurasa wake una namba za wiki saba, kisha mistari mitupu. Niliendelea kwenda kila Jumatatu. Nilikuwa nikikagua nyayo zake kama zina kidonda, nikamuuliza kama macho yanaona sawa. Naye, kwa mazoea, alikuwa akininyooshea kidole nimtoboe. Nilikishika tu hicho kidole, tukazungumza mengine.

Usiku mmoja mjukuu alikuja kunigongea, nyanya hajitambui. Tulimpakia kwenye boda boda katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, mtoto akikimbia kando yetu hadi barabara ya lami. Hospitalini walimpima kwa mashine ndogo kama hii hii. Haikuonyesha namba. Iliandika herufi mbili tu, zenye maana kwamba sukari imepita kiasi inachoweza kusoma. Nyanya alilazwa, akapona, Mungu ashukuriwe. Ameketi pale safu ya tatu, mwenye kitambaa cha buluu. Aliniruhusu niseme haya mbele yako. Aliniambia, waambie, nisije nikawa nimeugua bure.

Na tabia hii ya kununua mashine na kusahau kinachoiendesha haikuanza na mkoba wangu. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilikodisha vifaa vikubwa vya hospitali kwa ajili ya kaunti zote, na kaunti zikawa zinakatwa mamilioni kila mwaka kuvilipia. Mahali pengine vilikaa bila kazi kwa kukosa umeme, maji au mtaalamu wa kuviendesha. Seneti iliunda kamati, ikachunguza, na mwaka 2020 ikatoa ripoti kali. Mwaka huo huo wa korona likaja suala la ununuzi wa KEMSA, shirika la serikali la dawa na vifaa vya tiba, bilioni 7.8, ripoti nyingine. Nchi hii haina upungufu wa ripoti.

Wako watakaosema fedha za afya ni kidogo mno, hata zikisimamiwa na malaika hazitatosha. Wana hoja. Viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na sisi bado hatujafika. Lakini nani atakubali kuongeza maji kwenye mtungi kabla ya kuonyeshwa ulipotoboka?

Mheshimiwa, mji huu unajua kwamba hospitali na siasa haviachani. Ile hospitali kubwa yenye jina la Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wetu mpaka leo huiita Russia, ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Siku ya kufunguliwa, tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta na Jaramogi, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, walirushiana maneno makali mbele ya umati. Risasi zikafyatuliwa, watu wetu wakafa. Siku chache baadaye chama chake cha KPU kilipigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini. Humu ukumbini wamo wazee waliokuwepo siku ile wakiwa watoto. Kwa hiyo mtu wa upinzani akisimama kuuliza habari ya afya, sisi hatumwoni kama mtafuta sifa. Tunajua swali lina gharama yake.

Ndiyo maana tunakuomba jambo ambalo huenda likawa gumu kuliko kuuliza. Rudi na jibu. Ukipewa maelezo na waziri au na kamati, hata kama ni maelezo mabovu, yalete hapa uyasome kwa Kiswahili, tuyasikie kwa masikio yetu. Maswali mengi huulizwa Nairobi na majibu yake hubakia huko huko.

Na pamoja na lile swali kubwa la mabilioni, uliza na dogo letu. Sheria imeweka mfuko wa afya ya msingi, unaogharamiwa na serikali, ili mtu atibiwe bure kwenye zahanati na kituo cha afya. Je, zahanati ya mtaa wetu imepokea kiasi gani kutoka mfuko huo, tarehe gani, na fedha hizo zilinunua nini? Tunataka karatasi hiyo ibandikwe ukutani, karibu na dirisha la dawa, mahali ambapo leo tunaandikiwa kikaratasi cha kwenda kununua nje. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya afya, na cha 35 kinatupa haki ya kujua. Karatasi moja na gundi havihitaji bilioni.

La mwisho tunalisema kwa heshima, na tunalisema kwa sababu tunakupenda. Mwaka 2024 tuliwaona waliokuwa sauti za upinzani wakiingia katika Baraza la Mawaziri. Hatuwalaumu kwa kwenda. Ila tumengoja kusikia maswali yao ya jana wakiyauliza wakiwa ndani, na bado tunangoja. Nawe ukivuka siku moja, kwa kura au kwa mapatano, usiliache swali hili mlangoni.

Mheshimiwa, kila mmoja wetu amenakili ukurasa mmoja kutoka daftari lake la kazi, bila majina ya wagonjwa: tarehe, dawa au kipimo kilichohitajika, na kama kilipatikana. Tumezishona pamoja kwa uzi. Ukurasa wa nyanya, wenye namba saba na mistari mitupu, ndio wa kwanza. Mwenyekiti atakukabidhi sasa hivi, na tumeacha kurasa nyeupe mwishoni ili ukirudi uandike majibu.

Ni sisi wahudumu wa afya ya jamii wa Nyalenda, Manyatta na Obunga. Imesomwa na katibu wa kikundi.

Asante sana.