Kwako mdogo wangu, uliyesema alistahili kile kofi

Mdogo wangu,

Shangazi ameniambia umesema hutaki tena kusikia habari za ile filamu. Sawa, kwenye simu sitaitaja. Ila hapa ni kwangu, na najua huwa unapita kusoma hata tunapokuwa hatusemeshani, kwa hiyo nitasema hapa yale uliyonikatiza usiku ule.

(Kwa wengine mnaosoma: filamu ni The Awakening, ya Uingereza, ilitoka mwaka 2011, mwongozaji ni Nick Murphy. Kama hamjaitazama na mnataka kuitazama, ishieni hapa, maana nitaianika yote.)

Hata dakika kumi hazikuwa zimeisha. Tuko London, mwaka 1921, watu wamekaa gizani kuzunguka meza, wanaita wafu wao. Florence Cathcart amekaa katikati yao kama mfiwa mwenzao. Ghafla anasimama, anafungua mapazia, anaonyesha ujanja wote ulivyopangwa, polisi wanaingia. Halafu yule mama aliyefiwa na mtoto, ambaye Florence alidhani amemwokoa na matapeli, anamwendea na kumzaba kofi.

Ukasema, "Alistahili."

Nilikuwa na rimoti mkononi. Nilitaka kuisimamisha nikuulize, lakini Shangazi alishanigeukia kuona nitafanya nini, nikaiacha iendelee. Hukunitazama. Ulivuta khanga ukajifunika miguu, ukaendelea kutazama kana kwamba umesema jambo dogo. Sote watatu tulijua hukuwa unamsema Florence.

Sasa nisikilize. Wako watazamaji wengi wenye maoni kama yako: wanamwona mwanamke mkavu, mjuaji, asiye na moyo, na mizimu ilipoanza kumwandama wanasema vizuri, ngoja ajue. Najiuliza kama walimtazama usoni. Rebecca Hall hakumwigiza mtu aliyeshinda. Baada ya kuwakamata wale matapeli anarudi nyumbani amekwisha, hana nguvu, hana furaha ya kuwa alikuwa sahihi. Anatunza kasha la sigara la mwanaume aliyekufa vitani. Mtu wa namna hiyo haendi kwenye vikao vya kuita roho kwa sababu anawadharau wanaolia. Anakwenda kwa sababu kila mara sehemu yake moja inatamani safari hii iwe kweli, na kila mara anakuta uzi, kioo na mtu anayehesabu pesa. Mimi namwelewa. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni yako mara zote ulizomleta yule mtu aliyedai anazungumza na marehemu Mama, na usidhani nilikuwa nakaa pale kwa kiburi.

Kitu kingine nilitaka kukwambia ukasema "usinifundishe historia, Dada". Nitakufundisha. Wale watu wa 1921 walikuwa na sababu ambayo sisi hatuna. Serikali ya Uingereza ilikataza kurudisha miili ya askari nyumbani tangu 1915. Wazazi walipata telegramu, wengine wakapata vitu vya mfukoni, basi. Kijana alizikwa kule Ufaransa au Ubelgiji alikoangukia, na wengi hawakupatikana kabisa. Vita haijaisha sawasawa ikaja homa kali ya mafua ya 1918, ikachukua wengine zaidi ya laki mbili palepale Uingereza. Tarehe 11 Novemba 1920 walizika mwili mmoja wa askari asiyejulikana ndani ya kanisa la Westminster Abbey, London, na watu wakapanga foleni ndefu kupita mbele ya lile kaburi, maana mama yeyote aliweza kuamini ni wake. Watu wenye njaa ya namna hiyo, akija mtu kuwaambia mwanao yuko chumba cha pili na anataka kukusalimu, watafungua mlango na mkoba pamoja.

Sisi Mama tulimzika. Wewe ndiye uliyemshika mkono. Ndiyo maana nilichelewa kukuelewa, na nikikuelewa nakasirika upya, kwa sababu yule mtu alikuja kukuuzia kitu ulichokuwa nacho tayari.

Unasema nilimuuliza swali la mtego. Nilimuuliza swali ambalo Mama angelijibu akiwa usingizini: wewe ukinuna, Mama alikuwa anakuitaje? Ni hilo tu. Akatazama simu yake. Akafumba macho. Akasema roho ya Mama imechoka kwa leo, tuongeze kidogo ili aweze kurudi kesho. Wewe ukaanza kulia, na Shangazi akaniambia nyamaza, na mimi nikamwambia yule mtu achukue viatu vyake aende. Ukasema nimemfukuza Mama.

Swali lile sikulibuni mimi. Kuna yule mpiga mazingaombwe, Houdini, aliyempenda mama yake kuliko chochote duniani. Mama alifariki 1913. Mwezi Juni 1922, kule Atlantic City, mke wa Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes aliyeamini sana mambo ya roho, alikaa naye faragha, akashika kalamu, akaandika kurasa kumi na tano akisema ni mama yake Houdini anayezungumza. Karatasi ilianza na alama ya msalaba. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Mama huyo alikuwa mke wa rabi, na Kiingereza hakukijua. Houdini alikwenda pale akitaka kuamini, mdogo wangu. Alisema hivyo mwenyewe baadaye. Ujumbe ukaja wa mama wa mtu mwingine. Alitumia miaka ya mwisho ya maisha yake kuwafichua watu wa kazi hiyo, na wako waliomwita katili. Urafiki wake na Doyle ukaja kuvunjika.

Doyle naye simchukii. Alizika mtoto wake Kingsley 1918, kijana aliyejeruhiwa vitani akaja kumalizwa na ile homa. Lakini mwaka uleule wa 1922 Harry Price, mchunguzi wa mambo ya mizimu, alipomnasa William Hope, mpiga picha za "roho", ushahidi ulikuwa mweupe. Price alipeleka vioo vya kupigia picha, kama vilivyotumika kwenye kamera enzi hizo, vilivyowekwa alama ya siri ya kiwanda, picha ikarudi haina alama, maana yake Hope alibadilisha kioo akaweka chake chenye sura ya mzimu tayari. Doyle alikaa chini akaandika kitabu kizima kumtetea Hope. Shangazi alinikumbusha Doyle siku ile aliposema, "Hata kama anadanganya, si unamwona mtoto anapata usingizi?"

Ulipata usingizi, ndiyo. Nililala chumba kimoja na wewe, nilikuwa nasikia unavyopumua. Usidhani hilo halikuniuma kuliondoa.

Turudi kwenye filamu, maana unaikumbuka kwa upande mmoja tu. Unasema mizimu ilimshinda Florence. Kwanza alishinda. Anaitwa kwenye shule ya bweni ya wavulana kule Cumbria, mtoto amekufa, kila mtu anasema amemwona mzimu. Anatandaza unga sakafuni, anafunga nyuzi zenye kengele, anatega kamera korido nzima. Na anapata jibu: mwalimu alimfungia yule mtoto nje ili awe mwanaume, mtoto akashikwa na pumu kwa hofu, akafa. Bila Florence wangeendelea kumsingizia marehemu mwingine na mwalimu angeendelea kufundisha. Sehemu hiyo hakuna anayeisifu. Wote wanangoja mizimu. Mimi nilipofika hapo nilitaka kupiga makofi, wewe ukasema "haya, sasa arudi kwao".

Harudi. Hapo ndipo watazamaji wanapogawanyika, na hapa hata mimi nakubaliana na wanaolalamika kwamba dakika thelathini za mwisho zimebeba mzigo kupita kiasi. Mara Florence aliwahi kuishi nyumba ileile akiwa mtoto, mara baba yake alimuua mama yake kwa bunduki, mara Tom, yule mvulana anayemfuata siku zote, ni ndugu yake wa baba mmoja aliyekufa zamani, mara Maud, yule mlezi wa pale shuleni, ni mama wa Tom na anataka kumpa Florence sumu ili Tom asiwe mpweke. Vyote kwa pamoja. Mtu hapati nafasi ya kuhuzunika.

Lakini ile nyumba ya wanasesere naisamehe filamu nzima kwa ajili yake. Ilipofika hapo wote watatu tuliacha kupumua. Florence anainama anachungulia chumba kimoja baada ya kingine, na kila chumba kina vile vidoli vimepangwa kama yale aliyokwisha kuyapitia ndani ya nyumba ile: huyu hapa, yule pale. Anafika chumba cha mwisho. Kuna kidoli cha mwanamke kimeinama kinachungulia nyumba ndogo ya wanasesere, na nyuma yake kuna kidoli cha mtoto kimesimama. Ulinishika mkono. Ulinishika kwa nguvu mpaka kucha zikanibakia kwenye ngozi, ukaniita "Dada", kama zamani. Baadaye ukajifanya hukunishika.

Basi nakuuliza, kwa nini hukukumbuka hilo ulipokuwa unawaambia watu kwamba mimi sina hofu, sina imani, na ndiyo maana kwenye msiba sikulia? Nilikuwa nahesabu sahani na kupokea simu. Mtu mmoja lazima apokee simu. Wewe ulikuwa umelala, ukiamka unapewa maji, na hakuna aliyesema huna moyo. Sikuwahi kukudai hilo. Ninakudai tu usinifanye mimi ndiye niliyemzika Mama mara mbili, kwa sababu maneno hayo ulimwambia Shangazi, na Shangazi hawezi kuficha kitu.

Na kuhusu mwisho. Wewe na nusu ya watazamaji mnasema Florence alikufa kwa ile sumu, kwa sababu mwalimu mkuu na wazazi wanampita bila hata kumtazama. Nimeirudia. Wanampita, kweli. Lakini Robert, yule mwalimu aliyemwita shuleni, anaongea naye. Robert huyohuyo hakumwona Tom hata mara moja. Ndiye aliyemwambia Florence kwamba hakuna mtoto yeyote aliyebaki shuleni. Mtu asiyeona mzimu uliokuwa unapita mbele yake kila siku ataanzaje leo kumwona mwanamke aliyekufa asubuhi? Tena Tom alikimbia kumletea dawa ya kumtapisha. Utasema Robert anampenda, na alikwisha kukiri kwamba rafiki zake waliokufa vitani wanamjia, kwa hiyo upweke unamfungua macho. Nakubali ni hoja. Shangazi naye yuko upande wako. Lakini mimi namtazama Florence pale nje, anatembea, anatabasamu kidogo, na sioni marehemu. Naona mtu aliyejua ukweli wote wa kwao, mbaya kuliko alivyodhani, na bado akatoka mlangoni kwa miguu yake.

Ile picha ndogo ya Mama uliyompa yule mtu "aifanyie kazi", nilimfuata nikaichukua. Iko kwangu, kwenye droo ya juu, haijapata doa. Sikukwambia kwa sababu ungesema nimefanya tena. Ni yako, Mama alikupa wewe. Njoo uichukue mwenyewe, usimtume Shangazi. Na ukija, njoo jioni, tuitazame tena ile sehemu ya mwisho kuanzia pale Robert anapotoka nje, unionyeshe kwa kidole ni wapi hasa unapoona amekufa.

Dada yako