Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi, Rufiji tulishavuka, tunakwama vijitoni

Asalaam aleikum Mheshimiwa. Mi mtu wa Kilwa, nauza vitenge, hii barabara ya Dar–Lindi naitembea toka enzi za pantoni ya Mto Rufiji pale Ndundu. Vijana ukiwaambia tulikuwa tunalala mtoni kusubiri zamu ya kuvuka wanaona unawapiga kamba. Na masika ikikolea ndo basi tena, kusini kumefungwa, utafute meli au hata msiba uusikie tu.

2003 mzee Mkapa akafungua daraja, mita 970, tukasema yameisha. Wapi! Zile kilomita 60 za Ndundu–Somanga zikabaki udongo miaka na miaka, basi linazama, konda anashuka na koleo, abiria tunasukuma viatu mkononi na nauli tumelipa. Lami ikaja baadaye, tunashukuru kwa kweli, sikuhizi ukitoka Mbagala alfajiri mchana unakula Nangurukuru.

Sasa Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Daraja la Rufiji wala halijatikisika, barabara imekatikia wapi? Somanga, Mikereng'ende, kwenye vijito ambavyo kiangazi mbuzi anavuka na kwato hazilowi! Nilikuwa upande wa Kilwa, lami inaning'inia chini hamna kitu, ng'ambo naona taa za mabasi ya kutoka Dar yamejipanga, na wenye haraka wakawa wanazunguka Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa. Yaani mtu wa Lindi anaenda Dar kwa kupitia Songea.

Pale palipokatika najua pameshughulikiwa, ila vijito viko vingi mpaka Lindi, na ombi langu ni moja tu, wataalamu wenu wasivipime kiangazi wakaondoka. Kalavati hata liwe jipya, likiwa jembamba maji yatalizunguka yachimbe tuta pembeni, hilo halihitaji digrii. Wawaulize wenyeji masika maji yanafika wapi. Kuna mama anauza samaki wa kukaanga Somanga, alinionyesha mstari wa tope kwenye ukuta wa kibanda chake, nikausogelea, unanifika kiunoni, na mi si mfupi. Waanzie hapo na futi yao.

Anataka kupaka chokaa sikukuu hii, nimemwambia asubiri kwanza mpaka mje.