Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ufundi wa TFF (Shirikisho la Soka Tanzania): krosi zetu zinajulikana hadi vijiweni

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: USHAMBULIAJI WA TAIFA STARS

Nakuandikia wewe na siyo kocha, maana makocha wanapita. Adel Amrouche alifungiwa na CAF, shirikisho la soka Afrika, katikati ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) kule Ivory Coast, akashika Hemed Suleiman, na kwenye AFCON ya 2025 nchini Morocco tukaenda na Miguel Gamondi. Vijiweni kila mmoja wao ametukanwa kwa zamu yake. Lakini Stars ikipata mpira, mtoto wa darasa la nne anakuambia unakoelekea: beki wa pembeni, winga, krosi, beki wao anaondosha kwa kichwa, tunarudi kukaba.

Kwenye kibanda umiza ninachoangalia mechi, huku Mbagala, kuna mzee hukaa benchi la mbele na kutangaza tukio kabla halijatokea. "Anarudisha kwa kipa." Unarudi kwa kipa. "Haya, ndefu hiyo." Inapigwa ndefu. Watu wanacheka, ila ni kicheko cha kuudhika. Sasa kama yeye anaisoma timu hivyo huku anakunywa kahawa, mchambuzi wa video wa Tunisia au Nigeria anahangaika na nini?

Mechi iliyoniuma kuliko zote ni ya Zambia, San-Pédro, Januari 21, 2024. Dakika ya 11 Samatta anampasia Msuva, bao. Kabla ya mapumziko Zambia wanapewa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili tuko kumi na moja dhidi ya kumi. Nilitegemea kuona mpira ukihamishwa haraka upande wa pili, au kiungo akichomoka kuingia kwenye boksi, chochote cha kumchosha aliyepungukiwa. Sikuona. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa, kona ya Chama. Chama huyu huyu Mzambia, wakati ule akiwa Simba ya Msimbazi, ambaye kona zake tulikuwa tunazishuhudia kila wiki! Siku tatu baadaye, Korhogo, tulihitaji bao tu dhidi ya DR Congo. Ikaisha 0-0, tukafunga virago.

Kule Morocco tulivuka makundi kwa mara ya kwanza, na hongera zenu nazitoa bila kinyongo. Ila tazama mabao yetu matatu katika mechi nne. M'Mombwa alifunga kwa pasi ya Novatus Miroshi nyuma ya mabeki wa Nigeria. Msuva alifunga penalti dhidi ya Uganda. Kiungo wetu Feisal Salum aliwapiga Tunisia shuti la mbali. Hakuna hata moja lililotokana na krosi ya kichwa, silaha tunayoitumia mchana kutwa. Na tangu fainali zetu za kwanza, Lagos 1980, hatujashinda mechi hata moja ya fainali za AFCON.

Wapo wanaosema tatizo ni wageni kwenye ligi. Kuna ukweli hapo. Wafungaji bora wamekuwa wageni: msimu wa 2022/23 Mayele na Saido walilingana kwa mabao 17, wa 2023/24 akawa Aziz Ki na 21, halafu Ahoua wa Simba. Mabeki wetu wa pembeni wanazoea kupeleka mipira kwa watu wa aina hiyo, kisha wanavaa jezi ya taifa na kupiga krosi ile ile kwa mshambuliaji mmoja aliyezungukwa na watatu. Lakini kanuni ya klabu kusajili wageni hadi kumi na wawili haimzuii kocha kubuni njia nyingine. Feisal tunaye. Kwa nini mpira haumfikii akiwa ametazama goli?

Ninaloomba ni dogo. Ajiriwe kocha wa mipira iliyokufa, kazi yake iwe hiyo tu, maana timu isiyo na namba tisa (mshambuliaji wa kati) wa kutisha inaishi kwa kona na faulo. Pia ripoti ya ufundi ya kila mashindano itolewe hadharani: tumeingiaje eneo la hatari, mara ngapi, na nini kilikwama. Kocha ajaye aikute mezani na aulizwe kwa hiyo, badala ya kila anayekuja kuanza upya. AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi na Kenya na Uganda, hivyo nafasi yetu ipo tayari, hatuna presha ya kufuzu. Muda wa kujaribu ni huu, hata kama tutafungwa mechi mbili tatu za kirafiki.

Wako katika soka,

Shabiki wa Stars, Mbagala