Wauzaji wa mvinyo watueleze sababu za mapendekezo yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu mapendekezo mliyochapisha, ambamo wafanyakazi wa maduka ya mvinyo walitaja mivinyo ya Ulaya wanayoipenda kuliko mingine. Niliyasoma kwa furaha, na sikubaliani na wale wanaonung'unika kwamba Bordeaux na Champagne, mivinyo maarufu ya Ufaransa, zimesahaulika huku nafasi ikipewa Riesling ya Mosel, Ujerumani, sherry kavu ya Jerez, Hispania, na Muscadet na Beaujolais za Ufaransa. Lalamiko langu ni la namna nyingine. Wauzaji wale walichagua vizuri sana, lakini wengi wao hawakusema kwa nini, na pendekezo lisilo na sababu humwacha mnunuzi palepale alipokuwa, ameduwaa mbele ya rafu.

Orodha za wafanyabiashara wa mvinyo zina historia ndefu na nguvu kubwa. Ile iliyo maarufu kuliko zote, inayoipanga mivinyo myekundu ya Bordeaux, karibu yote ya Médoc, sehemu mojawapo ya Bordeaux, katika madaraja matano, iliandikwa mwaka 1855 na madalali wa mji huo kwa ajili ya Maonyesho ya Paris ya enzi ya Napoleon III, na kigezo chao kikuu kilikuwa bei ambayo mvinyo wa kila shamba ulikuwa umezoea kufikia sokoni. Imebaki karibu vilevile hadi leo. Badiliko linalokumbukwa zaidi ni la mwaka 1973, shamba la Mouton Rothschild lilipopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Mivinyo ya aina hiyo haihitaji mtetezi, kwa kuwa jina na bei vimekwisha kuitetea. Mfanyakazi wa duka anapotaja chupa anayoipeleka nyumbani kwake mwenyewe, anafanya kazi tofauti kabisa na ile ya madalali wa 1855, na ndiyo maana nasema tumsikilize.

Tumsikilize pia kwa sababu anaujua mvinyo kwa namna ambayo mhakiki hapati nafasi ya kuujua. Mhakiki huonja mivinyo mingi asubuhi moja, hutema, huandika alama na kuendelea na safari yake. Muuzaji hubaki na chupa. Huifungua wateja waonje, huionja tena kesho yake akaona kama imechangamka au imelala, kisha humwona mteja akirudi kuiulizia au akiipita bila kuitazama. Wala tusisahau kwamba tukio lililoutikisa ulimwengu wa mvinyo mwaka 1976 liliandaliwa na mtu mwenye duka: Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa akiuza mvinyo Paris, aliwakalisha waonjaji Wafaransa mbele ya glasi zisizotajwa majina, za mivinyo ya Ufaransa na ya California, Marekani, na nafasi ya kwanza, kwa mvinyo mweupe na kwa mwekundu pia, ikaenda California.

Sasa niingie katika mivinyo yenyewe, maana hapo ndipo sababu zilipokosekana.

Riesling ya Mosel ilitajwa na zaidi ya muuzaji mmoja, nami sishangai. Bonde hilo liko kaskazini, mahali ambapo zabibu huiva kwa shida, na mizabibu hupandwa kwenye miteremko ya mawe ya sileti yanayohifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku. Huko Bremm, kwenye mlima wa Calmont, mteremko unazidi nyuzi 60 katika sehemu fulani. Kwa desturi kila mzabibu hufungwa kwenye nguzo yake peke yake, na karibu kazi yote hufanywa kwa mikono. Zabibu za mahali kama hapo huwa na uchachu mkali, na mtengenezaji wa Kabinett ya asili, daraja la mvinyo mwepesi, huusimamisha uchachukaji kabla sukari yote haijageuka kilevi. Matokeo yake ni mvinyo wenye kilevi cha asilimia 8 au 9 hivi, wenye utamu unaosikika mdomoni na kufutwa papo hapo na ule uchachu. Mnunuzi asiyeelezwa jambo hili huonja utamu, akakumbuka mivinyo ya rahisi iliyotiwa sukari ili kuficha ubovu, akaiweka glasi chini. Akielezwa kwamba utamu ule umeachwa kwa makusudi ili kuupatia uchachu mwenzi wake, huonja kwa ulimi mwingine. Muuzaji pia angeongeza neno moja la manufaa: penye neno «trocken» kwenye lebo, mvinyo ni mkavu, usiozidi gramu 9 za sukari kwa lita, penye «Kabinett» bila neno hilo, hasa kwa mvinyo wa Mosel, mnunuzi atarajie utamu kiasi. Sentensi mbili tu, na zingewaokoa watu wengi na ununuzi wa kujuta.

Sherry ndiyo iliyoniuma zaidi. Muuzaji mmoja aliandika kwamba fino, aina ya sherry kavu, ndiyo mvinyo anaoupenda kuliko yote duniani, akaishia hapo. Ningependa angetupeleka ndani ya ghala lenyewe. Zabibu za Palomino hutoa mvinyo mweupe usio na makuu, unaoongezwa pombe kali hadi kufikia asilimia 15 hivi, kisha ukatiwa katika mapipa ya mwaloni yasiyojazwa hadi juu. Katika nafasi ile iliyoachwa wazi, juu ya uso wa mvinyo, huota utando mweupe wa chachu unaoitwa flor, mnene kiasi cha kuonekana kwa macho, wenye mikunjo. Utando huo huuzuia mvinyo usikutane na hewa, na wakati uleule huula: humaliza mabaki ya sukari, hupunguza ule ulaini unaotokana na gliserini, na huacha harufu ya lozi na ya unga wa mkate ambao haujaokwa. Kiwango cha kilevi kikipandishwa hadi asilimia 17 hivi, utando hufa, mvinyo hukutana na hewa, hubadilika rangi kuwa wa kahawia na kuitwa oloroso. Ndugu jirani wa fino ni manzanilla, unaokomazwa Sanlúcar de Barrameda, karibu na bahari. Kutoka kwenye mapipa yenye mvinyo wa zamani zaidi huchotwa sehemu tu kwa ajili ya chupa, na pengo lake hujazwa kwa mvinyo mchanga kidogo kuliko ule, nao huo hujazwa kwa mwingine mchanga zaidi, ndiyo maana chupa nyingi za fino hazina mwaka wa mavuno.

Mtu aliyeelezwa haya ataelewa kwa nini fino haina hata chembe ya utamu, ingawa wengi hudhani sherry yote ni tamu. Ataelewa pia kwamba huu ni mvinyo wa kunywewa ukiwa wa baridi na ukiwa mpya. Chupa ikishafunguliwa, ikae kwenye friji na imalizwe ndani ya siku chache. Naamini kabisa kwamba watu wengi wanaosema hawaipendi fino walionjeshwa kutoka kwenye chupa iliyokaa wazi kwenye kabati kwa miezi mingi, na muuzaji anayeipenda kweli ana wajibu wa kutuonya juu ya hilo kabla ya kutusifia.

Muscadet niipitie haraka, kwa kuwa hoja yake ni fupi. Zabibu yake, Melon de Bourgogne, ilienea karibu na Nantes, magharibi mwa Ufaransa, baada ya jalidi kali la mwaka 1709 kuua mizabibu mingine, na yenyewe haina manukato mengi ya kujisifia. Kinachoupa mvinyo mwili ni kulazwa juu ya mashapo yake, yaani masalia ya chachu, hadi unapotiwa chupani, na maneno «sur lie» kwenye lebo yanahusu jambo hilo. Kwa chaza wabichi sijui mvinyo unaouzidi. Anayetaka kuona uwezo wake wote atafute mvinyo wa sehemu za Clisson au Gorges, zilizotambuliwa rasmi mwaka 2011, ambazo mvinyo wake hulazwa juu ya mashapo kwa muda mrefu zaidi kuliko Muscadet ya kawaida.

Beaujolais inanirudisha kwenye lalamiko langu. Kumwambia mtu «kanunue Beaujolais» ni kumwambia jambo lisilotosha hata kidogo. Chini ya jina hilo iko Beaujolais Nouveau, inayotolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba wiki chache tu baada ya mavuno, na ziko pia Morgon na Moulin-à-Vent, mbili kati ya sehemu kumi zenye hadhi ya kubeba majina yao wenyewe, ambazo mivinyo yake mizuri hukaa miaka kumi na zaidi ikizidi kupendeza. Zote hutokana na zabibu ya Gamay, ileile ambayo mwaka 1395 Mtawala Philippe wa Burgundy, eneo lililo kaskazini ya Beaujolais, aliamuru ing'olewe katika eneo lake. Alikuwa na haki yake kuhusu ardhi ya chokaa aliyokuwa nayo, lakini kwenye mawe ya matale ya Beaujolais, kusini, Gamay ilipata makao yanayoifaa. Muuzaji aliyesema anapenda Beaujolais alimaanisha ipi? Ya nani? Ya mwaka gani?

Jina la mzalishaji si pambo, Mhariri. Chukua Clos de Vougeot, shamba moja la Burgundy lililozungushiwa ukuta wa mawe na watawa wa Cîteaux. Lina eneo la hekta 50 hivi, nalo limegawanywa kwa wamiliki zaidi ya 80. Wote huandika jina lilelile kwenye lebo, ilhali mmoja ana mizabibu ya juu mtelemkoni penye maji yanayopita vizuri, mwingine ana ya chini kando ya barabara penye udongo mzito, na juu ya hayo kila mmoja ana mkono wake katika kazi. Kadhalika mwaka. Zabibu zilizoiva katika joto kali la kiangazi cha 2003 na zile zilizonusurika jalidi la Aprili 2021 nchini Ufaransa haziwezi kutoa mvinyo wa tabia moja, hata zikitoka kwenye mstari mmoja wa mizabibu. Muuzaji analijua hili kuliko mimi, na kulinyamazia ni kuubania ujuzi wake mwenyewe.

Nilifurahi kuona Assyrtiko, mvinyo mweupe wa kisiwa cha Santorini, Ugiriki, imepewa maelezo ya kutosha, na ningependa iwe kielelezo kwa mengine. Mwandishi wake alieleza jinsi wakulima wa kisiwa kile wanavyosuka matawi ya mzabibu kuwa kikapu kilicholala chini ili zabibu zijifiche ndani, zisipigwe na upepo wala jua. Alieleza kwamba mchanga wa volkano uliwazuia wale wadudu wa mizizi walioangamiza mashamba ya Ulaya kuanzia miaka ya 1860, kwa hiyo mizabibu ya Santorini ingali imesimama kwenye mizizi yake yenyewe. Kisha akasema wazi kwamba mvinyo huo ni mkali kwa anayetafuta ulaini, na kwamba si wa kunywa bila chakula. Kasoro ile aliyoitaja ndiyo iliyonifanya niyaamini masifa mengine yote.

Kuna jambo gumu kidogo ambalo nalo lazima lisemwe. Muuzaji ana masilahi yake. Stoo inaweza kuwa imejaa mvinyo usiotoka, au mwagizaji amempa punguzo, na pendekezo linalotoka hapo linaweza kuvaa nguo za mapenzi. Sisemi kwamba wale mliowahoji wamefanya hivyo, na nawaheshimu kwa kuchagua mivinyo ambayo kwa kawaida haiuziki haraka. Lakini gazeti lina nafasi ya kuuliza maswali ambayo mteja aliye dukani huona haya kuyauliza: je, chupa hii uliinunua kwa fedha yako au uliletewa na mwagizaji? Uliimaliza, au uliionja tu? Ni nani usingempendekezea? Muuzaji anayeipenda kweli chupa yake ana majibu ya maswali hayo tayari, tena atashukuru kuulizwa.

Kwa hiyo naomba mtakapochapisha tena mapendekezo ya namna hii, mwataje wachache zaidi na kuwapa kila mmoja nafasi kubwa zaidi. Pawe na jina la mzalishaji, mwaka wa mavuno, kiwango cha kilevi, maelezo ya jinsi mvinyo ulivyotengenezwa na kasoro moja ya kweli. Mkiweza, anzeni na yule wa fino. Nina hakika ana mengi ya kusema kuhusu mapipa yale, na mimi niko tayari kuyasoma yote.

Wako,
Msomaji