Barua kwa Mwalimu: kutoka Debian 11 hadi 13

Area C,
Dodoma.
17 Januari 2026

Mpendwa Mwalimu,

Mbukwa! Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na watu wote wa nyumbani, na kwamba mvua zimewafikia huko Mpwapwa. Sisi huku hatujambo.

Barua yako nimeisoma kwa makini. Unauliza kama ni busara kufuta kompyuta zote za maabara, pamoja na seva inayotunza matokeo ya wanafunzi, kisha usakinishe mfumo endeshi wa Debian 13 moja kwa moja kwa kutumia flashi uliyopewa, kwa kuwa Debian 11 mliyo nayo inafikia ukingoni. Ni kweli inafikia ukingoni, maana hata masasisho ya usalama ya muda mrefu yatakoma tarehe 31 Agosti 2026. Hata hivyo, shauri langu ni kwamba seva usiifute, wala usiivushe kutoka 11 hadi 13 kwa mkupuo mmoja. Ipandishe kwanza hadi 12, iache ifanye kazi kwa majuma kadhaa chini ya macho yako, ndipo uipeleke 13.

Watengenezaji wa Debian huandaa na kujaribu njia ya kutoka toleo moja kwenda lile linalofuata tu. Pakeji (vifurushi vya programu) nyingi hubeba hati ndogo za amri zinazohamisha mipangilio ya zamani kwenda kwenye mipya, na waandishi wa hati hizo hudhani kwamba kilichopo kwenye mashine ni kazi ya toleo lililotangulia. Ukiruka, mashine inaweza kuwaka vizuri na kukupa moyo, ilhali ndani yake kuna mipangilio ya mwaka 2021 inayosomwa na programu za mwaka 2025, na kasoro zake zikajitokeza wakati wa kuandaa ripoti za muhula, wakati ambao hakuna mwenye nafasi ya kuzitafuta.

Kinachonitia wasiwasi kuliko yote ni hifadhidata. Matokeo yenu yamo kwenye MariaDB, programu ya hifadhidata ambayo katika Debian 11 ni 10.5, katika 12 ni 10.11, na katika 13 ni 11.8. MariaDB ikizimika ghafla hujirekebisha yenyewe inapowashwa tena, kwa kusoma kumbukumbu za shughuli zilizoachwa njiani. Lakini urekebishaji huo hauaminiki pale ambapo data imeachwa na toleo kuu la zamani na anayejaribu kuirekebisha ni toleo kuu jipya. Umeme ukikatika asubuhi, nawe ukaanza kupandisha mfumo mchana bila kuiacha MariaDB ya zamani iwake, ijirekebishe na kuzimwa kwa utaratibu, unaweza kukuta ile mpya inakataa kabisa kuwaka. Nawe unajua umeme wetu ulivyo msimu huu wa radi. Kwa hiyo toa kwanza nakala ya hifadhidata nzima kwa amri ya mariadb-dump, uiweke kwenye diski iliyo nje ya seva, kisha simamisha huduma kwa systemctl stop mariadb na usome kumbukumbu zake hadi uone kwamba imefungwa salama. Kama seva haina UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika), muombe Mkuu wa Shule akuazime ya ofisini kwa siku hiyo, na umweleze kinachoweza kupotea. Naamini atakuelewa, kwa sababu matokeo hayo ni jasho la watoto.

Pamoja na hifadhidata, nakili pia saraka za /etc na /home, saraka ya /var/lib/dpkg, na orodha ya pakeji unayoipata kwa dpkg --get-selections. Hakikisha Debian 11 yenyewe imekamilisha masasisho yake yote na kwamba diski ina nafasi ya kutosha. Kisha fungua faili la /etc/apt/sources.list, ubadilishe kila mahali palipoandikwa bullseye (jina la toleo la 11) paandikwe bookworm (jina la toleo la 12), na uweke pembeni vyanzo vyote visivyo vya Debian. Mahali palipo na non-free (sehemu ya programu zisizo huria) ongeza non-free-firmware, kwa kuwa tangu toleo la 12 programu zinazoendesha vifaa kama kadi za Wi-Fi zimehamishiwa huko, na usipoliongeza neno hilo hazitapata masasisho tena.

Fanya kazi hii ukiwa umeketi mbele ya seva yenyewe, kwenye skrini ya maandishi matupu. Anza kwa amri ya script ili kila kinachopita kiandikwe kwenye faili, halafu, kwa apt (programu ya kusakinisha pakeji), endesha apt update, kisha apt upgrade --without-new-pkgs, na mwisho apt full-upgrade. Hatua ya katikati usiiache, kwa maana hupunguza idadi ya pakeji ambazo apt ingelazimika kuziondoa zote kwa pamoja. Ukiulizwa kama faili la mipangilio ulilolirekebisha wewe libadilishwe, bakiza la kwako. Lile jipya huwekwa kando yake likiwa na mwisho wa .dpkg-dist, nawe utalilinganisha baadaye kwa utulivu. Umeme ukikatika katikati usikate tamaa, wala usikimbilie flashi: washa mashine, endesha dpkg --configure -a, kisha apt --fix-broken install, na mara nyingi kazi itaendelea pale ilipoishia.

Kompyuta za wanafunzi ni habari nyingine, na hapo wazo lako la kusakinisha upya lina nguvu. Kwenye kila moja endesha lscpu uone kama prosesa inamudu biti 64, kisha dpkg --print-architecture uone kilichosakinishwa. Zile ambazo prosesa yake ni ya biti 32 tu ziishie kwenye Debian 12, kwa sababu toleo la 13 halina tena kisakinishi wala kaneli (kiini cha mfumo) kwa ajili yao. Zile zenye prosesa ya biti 64 lakini zinazoonyesha i386 (yaani mfumo wa biti 32) zisakinishwe upya, kwa kuwa kuzigeuza bila kufuta ni kazi ndefu yenye hatari nyingi. Ikiwa /home iko kwenye sehemu yake ya diski, kiambie kisakinishi kiitumie bila kuifomati. Kama haiko peke yake, nakili kazi za wanafunzi kwanza. Wasakinishie kwa namna ambayo safari hii kila mwanafunzi atakuwa na akaunti yake. Mfumo wa jamii ya Unix umejengwa tangu mwanzo kwa watu wengi kutumia mashine moja, na mtoto anayejua kwamba faili zake haziguswi na mwenzake hujifunza kwa uhuru zaidi.

Flashi uliyopewa usiiamini kwa sababu tu aliyekupa ni mwema. Pakua upya picha ya usakinishaji kutoka debian.org, piga hesabu ya alama yake ya utambulisho kwa sha512sum, na ulinganishe jibu na faili la SHA512SUMS lililopo hapohapo. Kwa upande wa bando, sakinisha apt-cacher-ng kwenye seva na uzielekeze kompyuta zote kwenye mlango wake wa 3142. Pakeji ikishapakuliwa mara moja, nyingine zitaichukua kwenye seva. Kwa shule inayonunua bando kwa michango, hili peke yake linatosha kuamua kama kazi itafanyika au itaahirishwa.

Kuna mambo mawili ambayo darasa litayaona mapema. Kuanzia toleo la 12, pip, kisakinishi cha maktaba za Python, hukataa kusakinisha chochote kwenye Python ya mfumo, hivyo wafundishe wanafunzi kutengeneza mazingira yao kwa venv. Katika toleo la 13, /tmp huwekwa kwenye RAM na inaweza kuchukua hadi nusu yake. Kwenye mashine zenye RAM ndogo irudishe kwenye diski kwa systemctl mask tmp.mount, kisha uwashe mashine upya.

Seva ikishafika 12, endesha systemctl --failed, fungua matokeo ya kidato kimoja, na umwombe mwalimu wa taaluma aingie kwa akaunti yake. Kisha nitumie lile faili la script, nilisome lote kabla hujaanza safari ya 13, na ikibidi nitapanda gari nije tuifanye pamoja.

Nisalimie Mama na watoto.

Wako katika kazi,
Rafiki yako wa Dodoma