Risala ya Mafundi wa Chokaa na Boriti kwa Mgeni Rasmi, Ufunguzi wa Hoteli, Mji Mkongwe, Zanzibar

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wenye hoteli, masheha, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum.

Tunakushukuru kwa kuja, tena kwa wakati, hilo hatukulizoea.

Historia tutaipitia mbio, jua limeshatuwakia. Jengo hili ni la mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko kama jirani zake wa Mji Mkongwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Lilifungwa, likavuja, leo linapokea wageni.

Mafanikio ya kikundi chetu ni makubwa mno: tuna akaunti ya benki, ngazi mbili za chuma, na vijana wanaopiga lipu ya chokaa bila kuchanganya saruji kwa siri.

Hitaji letu ni moja: kiwanja cha shimo la chokaa. Mheshimiwa, chokaa si ya kufungua mfuko asubuhi ukapiga ukuta mchana. Huzimwa kwa maji, ikaachwa shimoni miezi mpaka ilainike kama samli. Sisi tunaizimia kwenye mapipa, kichochoroni nyuma ya jiko la hoteli hii. Majirani wanalalamika, na haki wanayo. Chokaa inayochemka humbabua mtoto.

Hapo mezani, kando ya maji yako, tumeweka ncha ya boriti tuliyoitoa ghorofa ya pili. Tafadhali ishike. Inamomonyoka kwa sababu ukuta uliwahi kupigwa saruji, unyevu ukakosa pa kutokea, mti ukaoza ndani kwa ndani huku rangi ya nje inang'aa. Beit el Ajaib, lile jumba la sultani hapa Mji Mkongwe lililojengwa 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafariki. Hatusemi sababu ni hiyo hiyo. Tunasema nyumba hizi haziijui ratiba ya vikao.

Risala hii, Mheshimiwa, si mpya sana. Siku ya kuanza matengenezo tulimsomea mgeni rasmi mwingine. Leo tumebadilisha cheo na tarehe, na kuongeza hizo ngazi. Alituahidi kiwanja kabla ya Ramadhani. Hakutaja ya mwaka gani, nasi kwa adabu hatukuuliza. Tulipiga makofi, picha zipo.

Leo, kwa adabu ile ile, tunauliza: kiwanja kiko wapi, na tutakabidhiwa lini? Katibu wetu ameshafungua daftari.

Tunaomba kuwasilisha.