Uwanja wa ndege wa mjini Dodoma usikatwe viwanja

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu uwanja wetu wa ndege wa mjini. Uwanja mpya wa Msalato, nje ya mji, unajengwa, na barabara yake ya kurukia ya kilomita 3.6 tunaihitaji sana. Lakini mitaani nasikia watu wakiuzungumzia huu wa zamani kama eneo tupu linalosubiri kupimwa.

Dodoma ilipokea ndege zamani. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways kutoka Cairo kwenda Cape Town zilikuwa zikitua hapa, miaka 41 kabla mji haujachaguliwa kuwa makao makuu.

Mimi nazikumbuka zaidi ndege ndogo za MAF, shirika la Kikristo la usafiri wa anga. Asubuhi moja ya Juni, upepo ukipuliza vumbi, nilimwona muuguzi amepakata deli la chanjo mapajani kama mtoto, hataki kuliweka chini. Alikuwa anakwenda kijiji ambacho kwa gari ni safari ya kutwa nzima, na wakati wa kifuku hakifikiki kabisa.

Wahusika watuambie mapema: Msalato ukianza kazi, ndege za wagonjwa na chanjo zitatua wapi?

Mkazi wa Area D,
Dodoma